Efedro: Mshindani Aliyengoja Kando katika Michezo ya Wayunani

Katika michezo ya kale ya Wayunani, watu ambao siku hizi twawaita Wagiriki, palikuwa na mshindani mmoja ambaye habari zake hazisimuliwi sana. Hakuwa lazima awe bingwa mashuhuri, wala hakuwa mwenye hila. Alikuwa mtu aliyetia mkono wake mtungini, akatoa kura isiyo na mwenziwe, na kwa ajili hiyo akaambiwa aketi kando huku wenzake wakipigana. Walipokwisha kuchoka, wengine wakitokwa damu, wengine wakiwa wamejaa mchanga na jasho, yeye alisimama mzima, akaingia uwanjani kupambana na aliyesalia. Wayunani walimwita efedro, maana yake, aketiye karibu.

Napenda tumtazame mtu huyu kwa kituo, kwa maana katika habari yake limo swali ambalo kila mwamuzi wa michezo, na kila mwalimu apimaye kazi za wanafunzi, hana budi kukutana nalo. Mtu akishinda kwa kusaidiwa na bahati, wala hakufanya kosa lo lote, je, ushindi wake ni sawa na ushindi wa yule ambaye bahati haikumsaidia? Wayunani walilijua swali hili sana, na jibu lao lafaa kufikiriwa hata leo.

Kwanza tuondoe kosa moja. Efedro hakuwa mchezaji wa akiba, kama wale wakaao kando ya uwanja wa mpira wakingoja mwenzao aumie ili washike mahali pake. Yeye alikuwa mshindani kamili kama wengine. Alikula kiapo pamoja nao mbele ya sanamu ya Zeus, na jina lake lilikuwa katika hesabu yao. Tofauti yake ilikuwa moja tu: katika zamu ile hesabu ya watu ilikuwa witiri, na yeye ndiye aliyebaki bila mwenzi.

Ili tuone uzito wa jambo hili, yafaa tujue michezo yenyewe ilikuwaje. Michezo iliyosifiwa kupita yote ilifanyika Olympia, katika nchi ya Elis, upande wa magharibi wa Peloponeso. Wayunani wenyewe walihesabu mwanzo wake tangu mwaka 776 K.K., nayo ilifanyika kila mwaka wa nne, wakati wa jua kali. Hapo kwanza mashindano yalikuwa ya mbio tu. Baadaye yaliongezwa mapambano ya watu wawili wawili: mieleka mwaka 708 K.K., ngumi mwaka 688 K.K., na pankratio mwaka 648 K.K. Watoto nao walipewa mashindano yao wenyewe, na pankratio ya watoto ilianza Olympia mwaka 200 K.K.

Katika mieleka, mshindi alikuwa yule aliyemwangusha mpinzani wake mara tatu. Katika ngumi, watu walijifunga mikono yao kwa kanda za ngozi, wakapigana pasipo kupumzika kwa vipindi, mpaka mmoja aanguke asiweze kuondoka, au ainue kidole kuonyesha kwamba amekubali kushindwa. Pankratio ilichanganya mieleka na ngumi pamoja. Mtu aliweza kupiga, kukaba koo, kupinda kiungo na kupigana hata akiwa chini. Kuuma na kuchokoa macho ndiko kulikokatazwa. Hakuna aliyepimwa uzito wake, na mwembamba aliweza kupangwa na mnene. Wala hapakuwa na saa ya kumaliza pambano. Tena hapakuwa na tuzo ya pili wala ya tatu. Taji lilikuwa moja, la majani ya mzeituni mwitu, na wote wengine walirudi kwao mikono mitupu.

Mtu aliyetaka taji hilo ilimpasa kushinda zamu baada ya zamu, wala hakupewa siku nyingi za kupona kati ya zamu moja na nyingine. Kwa hiyo mambo mawili yalipigana naye: mpinzani aliye mbele yake, na uchovu aliobeba kutoka kwa wapinzani waliotangulia. Efedro aliepushwa na hilo la pili katika zamu yake. Hapo ndipo ilipokuwa faida yake.

Namna ya kupiga kura twaijua kwa sababu ya mwandishi aitwaye Lucian, mtu wa Samosata, aliyeishi katika karne ya 2 B.K. Katika kitabu chake kimoja cha mazungumzo, kiitwacho Hermotimus, anaeleza mambo yalivyofanyika Olympia. Mtungi wa fedha, uliowekwa wakfu kwa mungu wao, uliletwa mbele ya watu. Ndani yake zilitiwa kura ndogo, kadiri ya punje ya haragwe, zenye herufi. Kura mbili ziliandikwa alfa, mbili beta, mbili gama, na kuendelea hivyo kwa kadiri ya hesabu ya washindani. Kila mmoja alikuja mbele, akamwomba Zeus, akatia mkono, akatoa kura yake. Lakini hakuruhusiwa kuisoma. Karibu naye alisimama mtu mwenye mjeledi, akimshika mkono ili asiitazame herufi aliyoipata. Wote walipokwisha kutoa, walisimama katika duara, na mwamuzi akapita akizikagua kura moja moja. Mwenye alfa akapangwa na mwenye alfa, mwenye beta na mwenye beta. Hesabu ikiwa witiri, yaani watu watano au saba au tisa, herufi moja iliandikwa katika kura moja tu. Aliyeipata hiyo ndiye aliyeketi akingoja. Lucian hakuficha maoni ya watu juu yake. Asema kwamba hiyo ilikuwa bahati kubwa, kupigana na waliochoka hali wewe hujachoka.

Angalieni jinsi uangalifu ulivyokuwa mwingi. Mtungi ni wa wakfu, sala hutangulia, na mjeledi wasimama karibu. Haya yote yalifanywa ili asiwepo mtu wa kusema kwamba kura ilipindwa kwa mkono wa mwanadamu. Aliyeketi hakujichagulia kuketi, wala mwamuzi hakumpendelea. Na kwa Wayunani jambo lililoamuliwa kwa kura baada ya kumwomba Zeus halikuwa jambo la kunung'unikiwa.

Lakini hesabu nayo ina ukali wake. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake mfano huu wakauona wenyewe. Tuseme washindani ni 5. Katika zamu ya kwanza jozi mbili zapigana, mmoja aketi. Wawili washindwa, watatu wasalia. Nao watatu ni witiri tena, kwa hiyo jozi moja yapigana na mmoja aketi. Zamu ya tatu ndiyo ya mwisho. Basi ikiwa kura isiyo na mwenziwe imemwangukia mtu yule yule mara mbili, yeye ataweza kulipata taji kwa pambano moja tu, na mpinzani wake atakuwa ameingia katika pambano lake la tatu. Wakiwa 9, mambo huzidi. Baada ya zamu ya kwanza husalia 5, kisha 3, kisha 2. Na mtu ambaye bahati imemng'ang'ania katika zamu zote aweza kufika mwisho hajagusa mtu. Hata hesabu ya shufwa haikuwa kinga. Watu 6 hugawanyika vizuri mara ya kwanza, lakini baada ya hapo huwa 3. Ni 4, na 8, na 16, na hesabu nyingine za namna hiyo tu, ambazo hugawanyika sawasawa mpaka mwisho, wala hakuna mtu awezaye kuamuru idadi ya mabingwa watakaofika Olympia mwaka fulani.

Wazee wetu walisema, mvumilivu hula mbivu. Mithali hii ni ya kweli, ila haimfai efedro. Mvumilivu wa mithali huchagua kungoja, akashinda tamaa yake, na tunda ni malipo ya subira hiyo. Efedro hakuchagua. Aliketishwa. Iwapo alikula mbivu, alikula kwa sababu wengine walipanda mti wakautikisa, naye akawa chini yake. Ndiyo sababu Wayunani, ijapokuwa hawakumlaumu, hawakumwona kuwa sawa kabisa na mwenzake.

Pengine msomaji atauliza, je, uchovu ulikuwa jambo kubwa namna hiyo? Habari ya Theagenes wa Thasos yatujibu. Mwaka 480 K.K., mwaka ule ule ambao Xerxes mfalme wa Uajemi aliingia Uyunani na majeshi yake, Theagenes alifika Olympia akitaka mataji mawili, la ngumi na la pankratio. Katika ngumi alipambana na Euthymos wa Locri, mji wa Wayunani ulioko Italia, ambaye alikuwa mshindi wa mwaka 484. Theagenes alimshinda. Lakini Euthymos alimtoa jasho hata alipoitwa kwa pankratio hakuwa na nguvu tena za kuingia uwanjani. Taji la pankratio likachukuliwa na Dromeus wa Mantinea bila kupigana.

Waamuzi hawakuliachilia jambo hili. Waliona kwamba Theagenes aliingia katika ngumi kwa kutaka kumwudhi Euthymos, akaharibu mashindano ya pili. Wakamtoza talanta moja kwa ajili ya mungu, na talanta nyingine kwa ajili ya Euthymos. Katika michezo iliyofuata, mwaka 476, Theagenes alilipa fedha iliyompasa mungu. Na kwa Euthymos alilipa kwa njia nyingine, yaani hakuingia tena katika ngumi. Mwaka huo Theagenes akatwaa taji la pankratio, na Euthymos akatwaa taji la ngumi, akalitwaa tena mwaka 472. Twaona hapa kwamba mtu mwenye nguvu kupita wengi wa zamani zake, ambaye Pausanias asema alipata mataji 1,400 katika michezo ya kila mahali, alishindwa na uchovu wa pambano moja. Basi efedro aliyeepushwa na pambano moja alipewa kitu kikubwa sana.

Waamuzi walijua jambo hili, na mara nyingine waliweza kusaidia. Mwaka 212 K.K. walikuwako mabingwa wawili. Kleitomachos wa Thebes alitaka kushindana katika ngumi na pankratio. Kapros wa Elis alitaka mieleka na pankratio. Kwa desturi ngumi zilitangulia pankratio. Kapros alipokwisha kushinda katika mieleka, Kleitomachos aliwaendea waamuzi, akawaambia kwamba ingekuwa haki pankratio iitwe kwanza, kabla yeye hajapata majeraha ya ngumi. Waamuzi wakaona kwamba neno lake ni la haki, wakakubali. Basi Kleitomachos aliingia katika pankratio bila jeraha la ngumi hata moja, na Kapros aliingia akiwa ametoka kupigana mieleka.

Nani alishinda? Kapros. Yule aliyekuwa na kazi nyuma yake ndiye aliyemshinda yule ambaye kazi yake ilikuwa bado mbele yake. Na Kleitomachos hakulalamika. Asema Pausanias kwamba aliwaendea wapiga ngumi kwa moyo mkuu na mwili usiochoka. Habari hii yatufundisha tusizidishe kipimo. Kupumzika ni faida, lakini si taji lenyewe. Efedro hakupewa ushindi. Alipewa mwanzo mzuri, na mwanzo mzuri waweza kupotea mikononi mwa mtu asiyestahili.

Jambo hili liliingia sana katika fikira za Wayunani, hata neno efedro likatoka uwanjani likaingia katika usemi wa watu. Mwaka 405 K.K. Aristophanes wa Athene alionyesha mchezo wake wa kuchekesha uitwao Vyura. Ndani yake washairi wawili waliokufa, Aeschylus na Euripides, wanagombea kiti cha heshima huko kuzimu. Sophocles, ambaye alikuwa amekufa siku si nyingi, yuko pia, lakini hataki kugombana na Aeschylus. Yeye atakuwa efedro. Aeschylus akishinda, atakaa kimya mahali pake. Aeschylus akishindwa, ndipo atakaposimama kupambana na Euripides. Watazamaji wa Athene hawakuhitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Wote walikuwa wamemwona mtu wa namna hiyo ameketi kando ya uwanja.

Xenophon naye, katika habari za askari Wayunani waliokwenda Uajemi mwaka 401 K.K., atupa mfano wenye hofu ndani yake. Askari hao walikuwa wamebaki katika nchi ya ugeni, mbali na kwao, baada ya kufa kwa Koreshi mdogo aliyewaajiri. Jemadari wao Klearchos alimwendea Tissaphernes, liwali wa mfalme, akitaka kumwonyesha kwamba hawana sababu ya kumdhuru. Alisema kwamba kama wangemwua Tissaphernes, wangejiletea mapambano na mfalme mwenyewe, efedro mkubwa kuliko wote. Maana yake ilikuwa dhahiri: sisi tungekuwa tumechoka kwa kupigana nawe, na mfalme angesimama mzima, na nguvu zake zote. Maneno hayo yalikuwa ya akili, lakini hayakumwokoa. Tissaphernes alimkamata kwa hila pamoja na majemadari wengine, nao wakakatwa vichwa.

Mfano wa tatu ni wa Plutarch, katika maisha ya Sulla, jemadari wa Roma. Mwaka 82 K.K. Sulla alikuwa amekwisha kupigana na adui wengi wa ndani ya nchi yake, na vita vilionekana kuwa karibu kwisha. Ndipo Telesinus Msamnia alipotokea ghafula na jeshi lake mbele ya malango ya Roma. Plutarch amlinganisha na efedro amwendeaye mshindani aliyechoka, na asema kwamba karibu amwangushe Sulla mlangoni mwa Roma yenyewe. Askari wa Sulla walifika wamechoka kwa safari, na upande wa kushoto, alikokuwa Sulla mwenyewe, ulivunjika. Lakini upande wa kulia, chini ya Crassus, ulishinda, na Telesinus akauawa. Hapo tena efedro alishindwa, kama Kleitomachos alivyoshindwa na Kapros.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Kama kura ilikuwa safi, na efedro hakukosa, na taji lake lilikuwa la majani yale yale ya mzeituni mwitu, je, Wayunani walitofautisha vipi ushindi na ushindi? Hawakutofautisha kwa sheria. Walitofautisha kwa heshima, na heshima hiyo waliiandika juu ya mawe.

Tukiyasoma maandiko yaliyochorwa kwa kuwasifu washindi, twaona kwamba walihesabu namna ya ushindi kwa uangalifu mkubwa. Kulikuwa na ushindi ulioitwa bila vumbi. Wapiga mieleka walijipaka mafuta, kisha wakajinyunyizia vumbi. Basi aliyepewa taji kwa sababu hakutokea mtu wa kupigana naye aliitwa mshindi asiyegusa vumbi. Ushindi wa Dromeus mwaka 480 ulikuwa wa namna hiyo. Mtu aweza kudhani kwamba ushindi usio na kazi ungekuwa aibu. Sivyo. Mara nyingi ulikuwa sifa kubwa, kwa kuwa wapinzani walijitoa kwa kumwogopa. Jiwe moja la huko Asia Ndogo lamsifu mpiga mieleka ambaye, alipovua nguo zake tu, wapinzani waliomba waachiliwe. Hakupigana, lakini hofu ile ilitokana na yeye mwenyewe, na miaka yake ya kazi ndiyo iliyoinunua.

Kupumzika kwa efedro hakukutoka kwake. Kulitoka mtungini. Ndiyo maana hakuna aliyejivunia kuwa efedro, ila wako waliojivunia kwamba hawakuwa efedro hata mara moja. Wayunani walikuwa na neno la pekee kwa hilo, anefedro, yaani asiyeketi kando. Na washindi waliliandika pamoja na mataji yao.

Hata kabla ya neno hilo kuonekana katika mawe, fikira yenyewe ilikuwako. Mwaka 460 K.K. mtoto mmoja wa kisiwa cha Aegina, jina lake Alkimedon, alishinda mieleka ya watoto huko Olympia. Pindar alimtungia wimbo wa sifa, na katika wimbo huo hakusahau hesabu: Alkimedon aliwashinda watoto wanne, mmoja baada ya mwingine, na hao wanne wakarudi kwao na huzuni. Kwa nini mshairi ahesabu? Kwa sababu wasikilizaji walitaka kujua jinsi taji lilivyopatikana, wala haikuwatosha kusikia kwamba limepatikana.

Lakini ushahidi ulio wazi kupita wote umetoka kwa mtoto mwingine. Wachimbaji kutoka Ujerumani walianza kuchimbua Olympia mwaka 1875, na kati ya mawe mengi waliyoyafukua lilikuwamo jiwe la Ariston mwana wa Eirenaios, mtu wa Efeso, aliyeshinda pankratio ya watoto katika michezo ya mwaka 49 B.K. Jiwe hilo lina mashairi ya kumsifu. Humo mtoto huyu atangaza kwamba hajivuni kwa bahati ya kura. Alikuwa anefedro. Washindani walikuwa watoto saba, na yeye peke yake hakuipumzisha mikono yake. Kila zamu alipangwa na mpinzani, na kila mpinzani alimvua taji.

Tuitazame hesabu yake. Watoto 7 ni witiri. Katika zamu ya kwanza jozi tatu zilipigana, na mtoto mmoja akaketi. Zamu ya pili walisalia 4, ya tatu 2. Basi Ariston alipigana mara tatu, akashinda mara tatu, hali mtoto mwingine aliye sawa naye kwa umri alikuwa na zamu moja ya kutazama tu. Hakuna anayesema kwamba mtoto yule aliyeketi alifanya hila. Alitia mkono katika mtungi ule ule. Kama angalimshinda Ariston, taji lingalikuwa lake, na hapana mwamuzi ambaye angalimnyang'anya. Lakini asingaliweza kuandika neno lile moja juu ya jiwe lake.

Inafaa kulinganisha habari hii na adhabu waliyopewa wadanganyifu. Mwaka 388 K.K. Eupolos wa Thesalia aliwapa rushwa wapiga ngumi watatu ili wamwachie ushindi. Yalipojulikana, wote wanne walitozwa fedha, na kwa fedha hizo zikafanywa sanamu sita za shaba za Zeus, zikasimamishwa katika njia iendayo uwanjani. Kila mshindani aliyeingia kupigana alipita mbele yake, akakumbushwa kwamba huko Olympia watu hushinda kwa miguu na kwa nguvu za mwili, si kwa fedha.

Ndivyo Wayunani walivyogawanya mambo matatu ambayo mara nyingi sisi twayachanganya. Udanganyifu waliuadhibu. Bahati waliiacha, kwa kuwa si kosa, na mwenye kumwadhibu mtu kwa bahati yake anamdhulumu. Na kazi iliyofanywa pasipo msaada wa bahati waliipa jina lake yenyewe, ili isipotee ndani ya jina la ushindi kwa jumla.

Nadhani sisi tulio walimu na waamuzi hukosa pande zote mbili. Mara nyingine twamwonea kijicho aliyebahatika, tukamnenea kana kwamba ameiba. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu, au aliyeishi karibu na shule, ni kama efedro: ameingia mtihanini hajachoka, wala si kosa lake. Mara nyingine twafanya kinyume chake. Twasoma matokeo tukaona namba tu, tukasema wote waliopata alama sawa ni sawa. Lakini kati yao yuko yule aliyetembea saa mbili asubuhi kabla ya somo la kwanza, akateka maji jioni kabla ya kufungua daftari, na kupata alama ile ile. Hapaswi kuongezewa alama, kwa maana mtihani ni mmoja kama taji lilivyokuwa moja. Lakini anapaswa kuandikiwa neno lake. Barua ya mwalimu yaweza kulisema, na kumbukumbu za shule zaweza kulihifadhi.

Watu wa Olympia waliweza kuulinda mtungi usipindwe, wakaweza hata kubadili utaratibu wa siku palipokuwa na sababu ya haki, kama walivyomfanyia Kleitomachos. Hawakuweza kuzuia saba isiwe witiri. Yule mtoto mmoja aliyeketi kivulini mwaka 49, jiwe la Ariston halimtukani, wala halimtaji jina. Lasema tu habari za yule ambaye hakuketi.